Mwalimu Wangu Hakutaka Kuona Sura Yangu

Jumanne iliyopita, saa moja jioni, keateka wa ploti yetu alibisha mlango kuulizia doo ya takataka. Sikuweza kuamka kumfungulia. Nilikuwa nimefungwa. Kamba ilikuwa imetoka kwa grili ya dirisha ikashika kijiti, kijiti kikashika nyuzi sitini, nyuzi zikaishia kwa kijiti kingine, na hicho cha pili kilikuwa kimefungwa kwa mkanda uliozunguka mgongo wangu. Nikisimama ghafla, kazi ya wiki mbili imeenda. Nikapiga kelele tu, "Mlango uko wazi!"

Akaingia. Akaniangalia pale chini kwa mkeka, akaangalia simu niliyoiegemeza kwa sufuria, akauliza, "Kijana, uko sawa?"

Ndani ya simu, mama mmoja wa Guatemala alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi.

Niko sawa, wasee. Najifunza kufuma. Na kwa sababu ya hiyo kazi kuna kitu nilichowaambia hapa mara nyingi ambacho leo nataka kukirudisha.

Wale mmekuwa na mimi kitambo mnajua niliacha kampo nikiwa mwaka wa pili. Karo iliisha, halafu hamu nayo ikaisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikihubiri kuwa shule ni utapeli, simu yako ndiyo chuo, kila kitu unaweza kujifunza mwenyewe ukiwa kejani na bando ya shilingi hamsini. Hizo posti ndizo mlizipenda kuliko zote. Mathe alisoma moja akanyamaza siku tatu.

Sasa nikwambieni. Nilikuwa sahihi kwamba elimu haiko chuoni peke yake. Nilikosea nilipofikiri kwamba basi haihitaji mwalimu.

Ilianza na klipu. Dada mmoja mtalii, sijui wa wapi, amekaa kando ya Ziwa Atitlán kule Guatemala, nyuma yake volkano, mbele yake nguo ya rangi nyekundu inang'aa. Maandishi juu yanasema amejifunza ufumaji wa Wamaya kwa siku moja. Klipu yenyewe sekunde arobaini. Nikasema hii ni kontenti safi, na mimi nitafanya yangu: kufuma kama Mmaya, ukiwa Roysambu, kwa wikendi moja.

Nikavunja mti wa fagio vipande. Nikanunua uzi wa sweta mtaani. Nikatazama video kama kumi na mbili. Jumapili usiku nilikuwa na kitu kinachofanana na Indomie iliyomwagika.

Kabla sijaendelea, wacha nieleze hii mashine, kwa sababu ukiielewa utaelewa kwa nini nilishindwa. Kitanda cha kufumia tulichozoea kuona kwa picha ni fremu kubwa ya mbao. Unakaa, unakanyaga chini kwa miguu, fremu inakushikia nyuzi zikiwa zimekazwa. Fremu ya aina hiyo ililetwa Guatemala na Wahispania, na mpaka leo wanaoitumia sana ni wanaume. Wanafuma vitambaa virefu vya sketi za kina mama.

Hiki kingine ni cha zamani zaidi. Kuna vinyago vidogo vya udongo kutoka kisiwa cha Jaina, pwani ya Meksiko, vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kimoja ni mwanamke ameketi anafuma hivi hivi. Hakina fremu. Ni vijiti, kamba na nyuzi. Ukikikunja unaweza kukitia kwa begi ukapanda nacho matatu. Upande mmoja unafungwa kwa mti au nguzo ya nyumba, upande wa pili unafungwa kwa mgongo wako. Kwa Kihispania wanakiita telar de cintura, yaani kitanda cha kiunoni.

Maana yake ni kwamba fremu ni wewe. Ukiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Ukisonga mbele kidogo, zinalegea. Zile nyuzi ndefu zilizotoka kwa dirisha mpaka kwako ni mtande. Uzi unaopita katikati yake, kushoto kwenda kulia na kurudi, ni mshindio. Ili mshindio upite, lazima nusu ya mtande ipande na nusu ibaki chini. Nusu moja inainuliwa na kijiti chenye vitanzi vya uzi, kila kitanzi kimeshika uzi mmoja. Hapo ndipo siri iko: ukitaka kuinua hicho kijiti, lazima usonge mbele kwanza ulegeze, uinue, uingize ubao mwembamba ulio kama upanga, uusimamishe kwa ubavu, upitishe uzi, ugonge, kisha uegemee nyuma tena. Mbele, inua, pitisha, gonga, nyuma. Mara elfu kadhaa.

Hakuna video hata moja kati ya zile kumi na mbili iliyonionyesha hiyo mbele na nyuma. Zote zilikuwa zinaonyesha mikono na rangi. Kiuno kilikuwa nje ya picha.

Nilipochoka kujidanganya nikatafuta mwalimu. Nikampata mama mmoja wa mji mdogo kando ya lile ziwa, Mtz'utujil, anafuma tangu utotoni na anafunza kwa simu akisaidiwa na mpwa wake. Mama anaongea Kitz'utujil, mpwa ananitafsiria kwa Kiingereza. Guatemala wako nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hivyo saa nne yao ya asubuhi ndiyo saa moja yangu ya jioni. Namwita Doña, heshima tu, vile sisi tungesema Mama.

Wacha nikiri kitu cha kwanza. Alipotaja bei ya saa moja, nilijaribu kuipunguza kama niko Gikomba. Nikasema mimi ni kijana tu wa Kenya, sio mtalii wa Marekani. Mpwa akamtafsiria. Kukawa kimya. Halafu akarudi: "Shangazi anauliza, saa yake ni fupi ukiwa Mkenya?"

Nikalipa.

Somo la kwanza nilijipanga kama kawaida yangu. Taa ya duara mbele, fulana safi, sura iko katikati ya skrini. Nikaanza kujieleza. Doña akasema kitu, mpwa akatafsiri: geuza simu. Nikageuza kidogo. Hapana, geuza kabisa, iteremshe, tuone kiuno na mikono. Nikauliza, sasa nikiongea atanionaje? Jibu likaja: "Sura yako haifumi."

Manze, mimi hula kwa hii sura. Miaka miwili kazi yangu ni kuhakikisha iko ndani ya fremu. Wiki sita sasa huyu mama hajaiona tena, labda wakati wa kuagana, na hizo ndizo wiki nimejifunza zaidi tangu nitoke shule ya upili.

Kitu cha pili alichofanya ni kunitupia uzi wangu. Uzi wa sweta una manyoya na unavutika. Ukiukaza, nyuzi mbili za jirani zinashikana kama watoto wanaopigana. Alitaka pamba. Nikashuka taoni, Biashara Street, nikatafuta pamba ya kufumia kwa sindano, imara, laini. Tofauti niliiona siku hiyo hiyo. Ningetazama video mia na nisingeijua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama uzi wangu mimi.

Somo la pili lote lilikuwa kutanda mtande peke yake. Unapigilia misumari au vigingi kwa ubao na unazungusha uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mahali pamoja nyuzi zinapishana kama namba nane. Ule msalaba ndio unaoshika mpangilio, ndio unaosema uzi huu wa kwanza, huu wa pili, huu wa tatu. Kabla ya kutoa nyuzi kwa ubao unafunga ule msalaba kwa kamba. Doña alisema mara mbili. Mimi nilikuwa najibu meseji.

Nikatoa nyuzi bila kufunga. Sekunde tatu. Nyuzi sitini zikawa kichaka. Nikaangalia simu nikingoja kugombezwa. Doña hakunigombeza. Akachukua kazi yake mwenyewe akaendelea kufuma, kimya, mimi nikizungusha upya kutoka mwanzo. Dakika arobaini. Nililipia hizo dakika arobaini, na mpaka leo siwezi kusahau kufunga msalaba.

Baadaye nilianza kusoma kuhusu namna watoto wa Kimaya wanavyojifunza hii kazi, na nikakuta kuna watu waliolichunguza swali hilo maisha yao yote. Mwanasaikolojia Patricia Greenfield wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, alianza mwaka 1969 katika kijiji cha Nabenchauk, jimbo la Chiapas upande wa Meksiko, akiangalia wasichana wakifunzwa na mama zao. Alirudi mwaka 1991 kuangalia kizazi kilichofuata, na mwaka 2004 akatoa kitabu kuhusu hayo yote.

Alichokiona ni hiki. Miaka ile ya mwanzo, mama alikuwa karibu sana na msichana, mwili kwa mwili. Msichana alitazama kwa muda mrefu kabla ya kupewa. Kazi ikifika mahali pagumu, mama anaingiza mikono yake mwenyewe, binti anaangalia, halafu anarudishiwa. Uzi ulikuwa ghali, hakukuwa na nafasi ya kuuharibu. Lakini hata kabla ya hapo, wasichana wadogo kabisa walikuwa na kitanda cha kuchezea, cha vijiti na kamba, ambacho mtande wake unauzungusha moja kwa moja bila hesabu ngumu ya ule ubao wa vigingi. Yaani kuna mtu, vizazi na vizazi nyuma, aliyepima akili ya mtoto mdogo inabeba nini akamtengenezea darasa la saizi yake. Halafu tunaambiwa hiyo sio elimu.

Kizazi cha pili, biashara ilikuwa imeingia, uzi umekuwa rahisi kupata. Wasichana wakawa wanajaribu wenyewe zaidi, wanakosea zaidi, wanajifunza kutoka kwa dada zao, na miundo mipya ikaongezeka. Nimetaja hilo makusudi, kwa sababu kuna watu wanapenda kusema mila ni kitu kilichoganda. Haijaganda. Hata namna ya kuifunza inabadilika maisha yakibadilika.

Mwingine ni Barbara Rogoff, ambaye amefanya utafiti miaka mingi katika mji wa San Pedro La Laguna, kando ya ziwa lile lile la Doña. Kuna jaribio moja alilofanya na mwenzake Maricela Correa-Chávez ambalo lilinichoma. Watoto wawili wa familia moja: mmoja anafunzwa kutengeneza kidude cha kuchezea, mwingine ameambiwa asubiri, chake kitakuja baadaye. Swali lilikuwa, yule anayesubiri anafanya nini? Watoto wa Kimaya, hasa wa familia ambazo mama hakusoma sana, walitazama kwa makini kuliko watoto Wazungu wa Marekani, na zamu yao ilipofika walihitaji msaada kidogo. Hakuna aliyewaambia watazame. Walijua kwamba kinachofunzwa mwenzako ni chako pia ukiwa macho.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Mimi naitwa mtu wa kutazama. Natazama video saa saba kwa siku. Lakini kule kutazama kwangu na kule kwa yule mtoto ni vitu viwili tofauti. Yeye anatazama kitu ambacho kesho atakifanya kwa mikono yake mbele ya watu wanaomjua. Mimi natazama kitu ambacho nitakisahau kidole kikiteleza.

Ndiyo maana nasema ile hadithi ya "nimejifunza mwenyewe" tuiache. Sisi vijana wa mtandaoni tunaipenda sana. Inatupa sifa yote. Lakini fikiria hata hizo video unazosema ulijifunza kutoka kwao, kuna mtu alikaa akazitengeneza, na huyo mtu alifunzwa na mwingine. Ukisema umejifunza mwenyewe umefuta watu wengi kwa sentensi moja. Na wanaofutwa kwanza ni wale wasio na cheti, wasio na jina, wanawake wengi wao, ambao huitwa "mama fulani" na sio "mwalimu".

Kwa Wamaya kufutwa sio neno la kupamba hadithi. Mwaka 1562 kule Maní, Yucatán, mtawa Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya. Leo vitabu vyao vya kale vinavyokubalika kuwa halisi ni vinne tu duniani. Ndiyo sababu wafumaji wengi husema nguo zao ni vitabu vyao: zile alama za ndege, milima na mahindi zilipita kutoka mkono wa mama hadi wa binti, mahali ambapo moto haukufika.

Halafu kulikuwa na vita, 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli ilitoa ripoti mwaka 1999: zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waathiriwa waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Blauzi ya mwanamke wa Kimaya, inaitwa huipil, huonyesha anatoka mji gani. Wakati wa vita hilo lilikuwa hatari. Kuna wanawake waliovua nguo za kwao wakavaa za mji mwingine au nguo za kawaida ili wasijulikane. Hebu jiulize, nguo uliyofuma kwa miezi, na kuivaa kunaweza kukuua.

Waliendelea kufuma. Ndio sababu kuna Doña wa kunifunza mimi leo.

Sasa vita imeisha na nguo zile zile zimekuwa fasheni. Huipil zilizovaliwa zinanunuliwa, zinakatwa, zinageuzwa mikoba na viatu. Miundo inapigwa chapa kwa mashine kwenye kitambaa cha bei ya chini na kuuzwa soko moja na ile ya mkono. Mwaka 2016 wanawake wafumaji, wakiongozwa na shirika la AFEDES kutoka Sacatepéquez, walienda Mahakama ya Katiba wakisema sheria za nchi hazilindi ubunifu wao wa pamoja. Mwaka 2017 mahakama ikalihimiza bunge kutunga sheria. Hawakuwa wanasema mtu asivae. Walikuwa wanasema: mkichukua kazi yetu, tutambueni na mtulipe.

Na sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo.

Mwaka jana nilienda ushago, Machakos, nikamkuta susu anasuka kiondo chini ya mwembe. Anaviringisha katani kwa paja, kamba inatoka nyororo kama imetoka kwa mashine. Nikatoa simu. Nikapiga dakika tano, nikakata nikabaki na sekunde hamsini, nikaweka muziki. Mliiona. Ilikuwa klipu yangu kubwa kuliko zote. Kampuni moja ya mikoba ikanitafuta, ikanilipa shilingi 15,000 niweke jina lao pale chini. Mikoba yao haikuwa hata ya katani.

Susu nilimpelekea sukari kilo mbili na majani. Jina lake sikuliandika popote. Niliandika "nyanya zetu ni wasanii", emoji ya moyo, basi.

Wakati Doña aliniuliza kama saa yake ni fupi, nilijua jibu kwa sababu nilikuwa tayari nimeshamwibia mtu saa zake. Na yule hakuwa wa Guatemala. Alikuwa amenibeba mgongoni.

Sisi Wakenya tuna mdomo sana wageni wakitugusa. Mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara kule kwao, tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Tuna hata sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Lakini sheria haitaingia kwa simu yangu kuniangalia nikimrekodi susu. Ile heshima tunayoidai kwa Mzungu, sisi wenyewe tunaiacha mlangoni tukifika nyumbani, kwa sababu "ni wa familia".

Najua mtakachosema. Wengine mtasema utamaduni ni wa wote, mbona uulipie? Sawa, susu hajawahi kumtoza jirani aliyekuja kukaa naye. Lakini jirani alikaa. Alikuja na maji, akamchambulia katani, akasikiliza hadithi moja mara kumi. Hayo ndiyo malipo. Mimi sikukaa, sikuchambua, na nilitoka na pesa. Kama hutaki kulipa kwa shilingi, lipa kwa muda. Ukikataa vyote viwili, umeiba.

Wengine mtasema, bro, huna hata kazi ya maana, unalipa mama wa mbali akufunze kufuma kitambaa cha kazi gani? Beshte yangu mmoja ameniuliza kama sasa nitaanza kusuka na nywele. Kufuma kwa kiunoni hata kule kwao ni kazi ya wanawake zaidi, Doña mwenyewe alicheka siku ya kwanza. Akafunza tu. Na sitapata pesa kutokana na hiki kitambaa, hilo nalijua. Upana wake ni vidole vinne, na katikati kimeingia ndani kama kiuno cha nyigu kwa sababu nilikuwa navuta mshindio kwa haraka. Kila somo ni neno lile lile: unavuta sana, uache uzi upumue. Nimefumua mara nyingi kuliko nilivyofuma. Lakini inchi mbili za mwisho pembeni zimenyooka. Nimezipima kwa rula. Nimezitazama usiku kama mtu aliyezaa.

Na wengine, hasa nyinyi mlio kampo sai, mtauliza: kwa hivyo unarudi shule? Sijui bado. Karo haijapatikana. Lakini nimeacha kuwaambia mtoke. Mpwa wa Doña anasoma chuo kikuu, na jioni anakaa na shangazi yake kwa mkeka. Nilimuuliza anapendelea shule gani. Akasema hajawahi kuambiwa achague. Mimi ndiye niliyekuwa nawauzia hilo chaguo, na nililiuza kwa sababu lilinifariji baada ya kutoka.

Wiki iliyopita nilirudi Machakos. Nilikuwa na bahasha yenye 15,000, niliikusanya kwa miezi miwili maana ile ya kwanza nilishaila. Nikamweleza susu yote, klipu, kampuni, Guatemala. Akazihesabu polepole, akazitia kwa leso. Hakusema asante na hakukasirika. Akaniuliza huyo mama wa ng'ambo anafunga kamba wapi. Nikamwonyesha, kwa mgongo. Akaguna. Akasema yeye zamani alifunga kamba kichwani akibeba kuni, na kovu la mkanda bado liko, akanishikisha paji la uso. Nikamwambia Guatemala pia wanabeba mizigo hivyo, kamba kwa paji, wanaiita mecapal. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wanajua kazi."

Halafu akanirushia fungu la katani, akasema kaa.

Nilikaa mpaka giza. Simu ilikuwa ndani ya nyumba inachaji. Paja langu bado ni jekundu na kamba niliyotoa haifai hata kufungia kuku. Ile klipu ya zamani nimeirekebisha. Nilimuuliza kama anataka jina lake liandikwe, akasema andika, na uandike ya mwisho vizuri, watu huikosea. Nimeandika. Nendeni muone.

Naomba kitu kimoja tu kwenu, na hakihitaji bando. Kuna kitu unachojua kufanya kwa mikono: chapati, kusuka nywele, kutengeneza boda, kushona, chochote. Kuna mtu uliyekaa karibu naye mpaka ukakijua. Mpigie leo. Usimrekodi. Mwambie ni mwalimu wako, na kama ulishawahi kupata pesa kwa alichokufunza, unajua la kufanya.

Mimi Jumanne niko kwa mkeka tena. Keateka, doo ya takataka nimeiacha juu ya meza.